Mkono, Punda na Jahazi: Kuchagua Mwendo wa Shata Lamu Bila Stendi

Mji wa Lamu, uliotiwa kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, haukujengwa kwa ajili ya mpiga picha mwenye stendi. Itandaze miguu yake mitatu katikati ya kichochoro, kisha aje punda na shogi lililojaa mchanga: mmoja wenu itabidi arudi nyuma, na punda hatarudi. Kwa hiyo huku picha hupigwa kwa mkono tangu asubuhi hadi usiku. Anayepiga kwa mkono ana swali moja la kujiuliza kabla ya kugusa kitufe chochote: kinachotembea zaidi hapa ni nini? Ni mkono wangu, ni huyo ninayempiga, au ni mahali niliposimama? Kile kinachotembea zaidi ndicho kinachoamua mwendo wa shata, yaani muda ambao pazia la kamera hubaki wazi kupokea mwanga. Vingine vyote hufuata.

Kanuni ya zamani inajulikana sana. Chukua urefu wa lenzi kwa milimita, uufanye sehemu ya sekunde: lenzi ya milimita 50, shata isiwe ya taratibu kuliko 1/50, lenzi ya 200, 1/200. Ni kanuni nzuri ya kuanzia, lakini inashughulika na mkono peke yake. Haimjui punda wala haijui mawimbi.

Tena ilizaliwa enzi za filamu ya milimita 35, picha zikichapishwa ndogo za kubandikwa kwenye albamu. Leo picha hukuzwa kwenye kompyuta mpaka pikseli moja moja zihesabike. Sensa (kile kipande kinachopokea picha mahali pa filamu) ya ukubwa wa filamu hiyo yenye megapikseli 24 ina pikseli kama 6000 kwa upana wa milimita 36; yenye megapikseli 45 ina zaidi ya 8000 kwa upana huohuo. Mkono ukitikisika kiasi kilekile, kwenye sensa ya pili ule mtikisiko unapita juu ya pikseli nyingi zaidi, nawe ukikuza unauona. Ndiyo maana kwa kamera za sasa ni salama zaidi kuzidisha kwa mbili: milimita 50 piga 1/100 au 1/125, milimita 200 piga 1/400.

Wenye kamera za sensa ndogo, ambazo ndizo nyingi mikononi mwa vijana, wazidishe kwanza kwa 1.5 (Nikon, Sony, Fujifilm) au 1.6 (Canon). Lenzi ya 200 hapo inakuwa kama 300, na ukitaka usalama wa mara mbili ni 1/600, basi chukua 1/640. Zumu za bei nafuu zinazofika 300 huangusha watu wengi hapa hapa. Zumu inavutwa hadi mwisho, shata inabaki 1/250, halafu lenzi inasingiziwa kuwa mbovu.

Lakini mikono haifanani, na wa kwako huujui mpaka uupime. Tafuta mlango wa nakshi ulio kivulini. Nakshi za Lamu zina mistari myembamba iliyochongwa kwa kukaribiana, na mlango uliofungwa hautembei; huwezi kupata shabaha bora kuliko hiyo. Simama mita tatu hivi. Weka kamera kwenye S, hali ya kuchagua shata mwenyewe (Canon huandika Tv), iache ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, ijipange yenyewe, na uzime kidhibiti mtikisiko kama kipo. Kwa lenzi ya 50, piga picha kumi kwa 1/250, kumi kwa 1/125, kumi kwa 1/60, kumi kwa 1/30 na kumi kwa 1/15. Nyumbani zikuze kwa asilimia mia, uhesabu zilizo kali kabisa bila kujihurumia. Mwendo unaotoa tisa au kumi kati ya kumi ndio wako wa kutegemea. Unaotoa tano ni wa kubahatisha, na utautumia tu pale unapoweza kupiga nyingi ukachagua. Kisha rudia zoezi lilelile jioni, baada ya kutembea kutwa na vikombe vitatu vya kahawa chungu. Usishangae namba zikishuka.

Mkono wenyewe una namna ya kusaidiwa. Kiganja cha kushoto kikae chini ya lenzi, si ubavuni mwake. Viwiko vibane mbavu. Jicho liwe kwenye tundu la kuchungulia, kwa sababu hapo paji la uso linakuwa nguzo ya tatu; ukinyoosha mikono mbele kutazama skrini umeipoteza nguzo hiyo. Toa pumzi nusu, kisha bonyeza. Kidole kisidonoe kitufe kama kuku, kibonyee polepole mpaka shata ifyatuke yenyewe. Ukiwa na mwendo wa wasiwasi, weka kamera ipige mfululizo na ushikilie kwa picha tatu: ya kwanza hubeba mtikisiko wa kubonyeza, ya mwisho hubeba wa kuachia, na mara nyingi ya katikati ndiyo iliyotulia.

Mji nao unasaidia. Kila daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, lina baraza za mawe pande mbili. Kaa (omba ruhusa kwanza, hiyo ni nyumba ya mtu), weka viwiko juu ya magoti, na utapata hatua moja bure, yaani mwendo uliohitaji 1/60 utauweza kwa 1/30. Kuegemeza bega ukutani kunafaa vilevile. Chokaa itakayobaki kwenye shati ndiyo bei yake.

Kuna na ujanja wa kamba. Kamera nyingi zina tundu la skrubu chini, la robo inchi. Tafuta bolti ya robo inchi, funga kamba imara kwenye kichwa chake, ikaze kwenye kamera, dondosha kamba hadi chini na uikanyage. Ukiivuta kamera juu mpaka kamba ikazane, ule mtikisiko wa juu na chini unapungua sana. Tahadhari mbili. Bolti ya milimita 6, ambayo ndiyo rahisi kupatikana madukani, inafanana na hiyo lakini hesi zake ni nyingine. Ukiilazimisha utaharibu tundu la kamera. Na isiingie ndani zaidi ya milimita 4 au 5: tia nati kwenye bolti iwe kizuizi, la sivyo utatoboa kisichotobolewa.

Kidhibiti mtikisiko, kile kifaa kilicho ndani ya lenzi au kwenye sensa, ni neema. Canon ilitoa lenzi yake ya kwanza yenye kifaa hicho mwaka 1995, na siku hizi hata simu zinacho. Watengenezaji huhesabu faida yake kwa hatua, na kila hatua ni nusu ya mwendo: hatua tatu zinakutoa 1/200 mpaka 1/25. Mimi hupunguza hatua moja au mbili kwenye ile hesabu ya kwenye boksi, maana maboksi hayapandi mashua. Bonyeza kitufe nusu, ngoja nusu sekunde picha itulie, ndipo umalizie. Na usisahau kinachodhibitiwa: ni mkono wako. Mzee anayecheka barazani hadhibitiwi na kitu. Picha nyingi zinazoharibika kwa kamera za kisasa ni za namna hii, ukuta umetoka mkali hadi nyufa zake, na mtu aliye mbele yake ni moshi.

Kwa hiyo njoo kwenye mtu. Aliyekaa ametulia anataka 1/125. Wacheza bao wako hivyo hivyo mpaka mkono unapoanza kusambaza kete. Ukitaka vidole vionekane nenda 1/250 au zaidi. Anayetembea kukujia, 1/250 inamtosha. Anayekatiza mbele yako kutoka kushoto kwenda kulia, 1/500, kwa sababu anayekuja hukua kidogo tu ndani ya fremu, ila anayekatiza anaifagia fremu yote. Umbali nao una neno. Punda aliye mita tatu hupita kwenye fremu kwa kasi kama mara tatu ya yule aliye mita kumi, ingawa mguu ni mguu uleule. Kichochoroni kila kitu kiko karibu, basi ongeza hatua moja juu ya ulivyodhani.

Punda mwenye mzigo, akija uso kwa uso, 1/250. Akikatiza, mwili utatulia kwa 1/250 lakini kwato zitafutika, 1/500 huzishika. Punda wa mashindano, yale ya Maulidi au ya tamasha la utamaduni, usiwaendee na chini ya 1/1000. Watoto wanaoruka kutoka ukuta wa pwani maji yakijaa, 1/1000 kwa mwili na 1/2000 ukiyataka matone ya maji yasimame hewani. Hapo jua ni la mchana na shata haina shida.

Si kila mtikisiko ni kosa, lakini. Fundi wa nakshi akigonga patasi kwa 1/1000, nyundo inaganda hewani kama ameiegesha, na picha inakuwa ya mtu asiyefanya kazi. Kwa 1/60, ukiwa umeegemea ukuta, uso na ubao vinabaki vikali na nyundo inaacha mkia. Napenda hiyo zaidi. Kumfuata punda kwa kamera ni hivyo hivyo: 1/30 akienda mbio za wastani, simama sambamba naye, miguu ielekee pale atakapokuwa umbali wa karibu zaidi, geuza kiuno badala ya mikono, anza kumfuata kabla ya kubonyeza na uendelee kumfuata baada ya shata kulia. Anayesimamisha kamera pale anapobonyeza ndiye anayepoteza kichwa cha punda. Kidhibiti kiwekwe kwenye namba 2 kama lenzi inayo, kisipigane na mgeuko wako. Hata ukizoea, tarajia picha moja nzuri katika kumi.

Kwenye mashua hesabu hubadilika, maana sasa hata sakafu inatembea. Kosa la kwanza ni kuegemeza viwiko kwenye ubavu wa chombo. Nchi kavu ukuta ni rafiki. Kwenye mashua ya injini ubavu ule unatetemeka na mtetemo unapanda moja kwa moja hadi kwenye lenzi. Jitenge nao. Kunja magoti kidogo, mwili uwe springi. Kwa lenzi pana anza 1/500, kwa zumu ndefu 1/1000 na kuendelea, hata kama una kidhibiti. Kisha ngoja chombo kifike juu ya wimbi: kuna nukta pale juu ambapo hakipandi wala hakijaanza kushuka, na hiyo ndiyo nafasi yako. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka, nukta hiyo ni fupi lakini bado ipo.

Mwanga wa kulipia miendo hii mchana upo tele. Jua kali likiwa wazi, ISO 100 na tundu la lenzi la f/16 hutaka kama 1/100. Fungua tundu mpaka f/8, hatua mbili, unapata 1/400. Panda ISO 400, unapata 1/1600. Basi mashindano ya majahazi saa sita mchana hayana kisingizio. Tabu iko kichochoroni. Kivuli kilicho wazi kwa juu kinakula hatua nne hivi, kichochoro chembamba kinakula nyingine mbili, na chini ya wikio, pale chumba cha nyumba kinapovuka juu ya njia, unaingia kama pangoni. Kamera iliyoachwa ijiamulie yenyewe inashusha shata kimyakimya, 1/250, 1/60, 1/20, na mpiga picha anajua akifika nyumbani. Dawa ni kuipangia mpaka: kwenye menyu ya ISO ya kujipanga, weka mwendo wa chini kabisa uwe 1/250 na ISO ya juu kabisa iwe 6400. Au tumia M, uchague shata na tundu mwenyewe, ISO ijitafutie. ISO ikipanda zitaingia chenga. Ziache ziingie. Chenga hupunguzwa kwa programu na picha ndogo hazionyeshi. Picha iliyotikisika haina wa kuirudisha.

Kuna mtego mwingine ambao ni wa mji huu hasa. Kamera hupima mwanga ikidhani kila kitu ni kijivu. Ukijaza fremu kwa buibui jeusi, inaona giza, inajaribu kuliangaza, na shata inashuka bila sababu. Weka −2/3 au −1 kwenye kitufe cha +/−, weusi urudi kuwa weusi na mwendo uongezeke. Ukuta mweupe wa chokaa au kanzu hufanya kinyume: mwendo unapanda ila picha inatoka na giza, basi ongeza +2/3 na uangalie shata isije ikashuka chini ya mpaka wako. (Na kabla ya kumjaza mwanamke kwenye fremu yako, muulize. Ukikataliwa, kuna milango mingi.)

Jioni hapa haina subira. Jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili mwaka mzima, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, dakika ishirini baadaye limekwisha kuwa giza. Ndani ya dakika hizo mwanga hupungua nusu kila baada ya dakika tatu hivi. Aliyeweka 1/250 na ISO 800 jua likigusa upeo wa macho, baada ya robo saa anahitaji hatua tano za ziada. Tazama namba kila mara, usizisubiri picha zikueleze. Majahazi yanayorudi wakati huo yakiwa kivuli cheusi mbele ya anga hayahitaji zaidi ya 1/250 yakiwa mbali, kwa sababu unapimia anga, na anga bado ina mwanga wake.

Usiku, penye taa, huingia jambo la umeme. Umeme wa Kenya ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi za LED za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Kwa 1/500 unaweza kunasa ule mfifio: picha moja ina mwanga, inayofuata ina giza au mistari ya rangi imeikatiza. Chini ya taa hizo kaa 1/100 au 1/50. Kwenye Maulidi, mbele ya Msikiti wa Riyadha, mistari ya wacheza goma huyumba polepole na fimbo zao, upande huu na upande ule. Mwisho wa kila myumbo wote husita. Piga pale, kwa 1/100, na lenzi iliyofunguka f/2.8 au namba ndogo zaidi. Ukipiga katikati ya myumbo, hata 1/250 itakuwa na shaka kwenye ncha za fimbo.

Shata ya kimya, ile ya kielektroniki, usiitumie hapo. Ndiyo inayochora mistari vibaya zaidi. Inapinda pia vitu vinavyopita kwa kasi, kwa sababu inasoma sensa mstari kwa mstari. Mlingoti wa jahazi kwa asili umeinamia mbele, hakuna atakayegundua. Pembe iliyonyooka ya Ngome ya Lamu itakusaliti ukipiga huku unageuza kamera. Kwa kazi za kawaida, kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, chagua pazia la kwanza la kielektroniki: mshindo wa mapazia ya shata huweza kulainisha picha kati ya 1/60 na 1/200 hata mkono ukiwa umetulia.

Simu ina habari fupi. Lenzi yake kuu ni sawa na milimita 24 hadi 26, kanuni inasema 1/25, lakini simu ni nyepesi na imeshikwa mbali na mwili, hivyo usishuke chini ya 1/60. Ingia sehemu ya Pro, herufi S, uweke mwenyewe. Hali ya usiku inafaa milango na majengo, haifai watu.

Picha ikishaharibika, isome kabla ya kuifuta. Kila kitu kikiwa na kivuli pacha kuelekea upande mmoja, ni mkono, ongeza mwendo. Ukuta mkali na mtu moshi, ni mtu, ongeza mwendo vilevile, ila kidhibiti hakitakusaidia. Mtu ana ukungu usio na mkia na jiwe lililo nyuma yake ni kali, hiyo ni fokasi, na shata haina hatia. Picha nzima laini kama imepakwa mafuta, tazama kioo cha lenzi: chumvi ya bahari hutanda bila kuonekana, au umetoka chumba cha kiyoyozi na unyevu wa nje umegandia kwenye lenzi. Kwa unyevu, acha kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa ndipo uifungue nje. Kwa chumvi, puliza kwanza, lowesha kitambaa laini, ndipo upanguse; ukisugua kikavu unasugua na mchanga.

Na iko moja isiyo na tiba ya shata. Ukisimama gati la Lamu saa saba mchana, ukaelekeza milimita 400 ng'ambo ya Manda, mikoko itatoka inacheza, hata ukipiga 1/4000. Ni hewa ya joto inayopanda kutoka majini na kwenye mchanga. Njoo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hewa haijapata moto, au panda mashua uvuke.